Jiko la presha linaponyamaza

Swali: Mimi na mwenzangu tunaagiza majiko ya presha ya umeme ya lita 6 kutoka kiwanda kimoja Uchina na kuyauza Mwanza na Geita. Kati ya yanayorudishwa dukani kwa madai kwamba yamekufa, mengi tukiyachomeka yanafanya kazi vizuri tu. Mama mmoja wa Buzuruga amerudisha lake mara mbili. Mwenzangu anasema shida ni wateja, hawasomi karatasi ya maelekezo. Kwa oda ijayo kiwanda kimetukubalia kubadilisha paneli: vitufe, maandishi, taa na mlio. Wao wanatushawishi tuchukue paneli ya kioo ya kugusa. Tuweke vitufe vingapi? Tuandike Kiswahili au tuweke picha? Na je, kioo cha kugusa ni bora kuliko kitufe cha kubonyeza?

Jibu: Ndugu yangu, umefanya jambo la maana kuuliza kabla kontena halijapakiwa. Nitakujibu yote matatu, lakini niruhusu nianzie kwenye yale majiko yaliyorudi dukani. Ukishajua kwa nini yalirudi, nusu ya paneli yako itakuwa imejichora yenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa jikoni kwa mama mmoja Kihonda, Morogoro, nikiwa na jiko la aina hiyohiyo na maharage makavu nusu kilo. Nilimwomba apike kana kwamba mimi sipo. Akachambua, akaosha, akajaza maji hadi nusu ya sufuria, akafunga mfuniko, akabonyeza kitufe chenye picha ya maharage. Jiko likalia mara moja, kioo kikatoa herufi mbili za Kiingereza, basi. Akasubiri. Dakika ya tatu akalisogelea akaweka kiganja ubavuni, kama anavyoguswa mtoto mwenye homa. Dakika ya tano akabonyeza tena kitufe kilekile. Kwenye modeli ile kubonyeza mara ya pili hubadilisha muda wa kupika, ila yeye hakuwa na namna ya kulijua hilo. Dakika ya nane akanigeukia: "Mwanangu, hili limelala." Akachomoa waya, akachomeka tena, na jiko likaamka halikumbuki chochote. Alirudia hivyo mara mbili, kisha akatoka uani kuwasha mkaa. Kumbe wakati wote ule jiko lilikuwa kazini, maji yanapata moto.

Hesabu yake ni hii. Jiko la wati 1,000 likipewa maji lita 3 ya bombani, linahitaji karibu dakika 20 mpaka lifikie presha. Saa ya kupikia haianzi kuhesabu hadi presha itimie. Kwa hiyo mtu aliyechagua dakika 30 anakaa dakika 20 akitazama kioo kisichosogea hata namba moja, ndipo zile 30 zianze kushuka. Wewe muuzaji unalijua hilo. Aliyenunua jana halijui, na jiko lenyewe halikumwambia.

Fikiria pia alikotoka. Jiko la mkaa humpa mpishi habari muda wote: makaa anayaona yamekolea, sufuria inaanza kuguna, mfuniko unachezacheza, harufu inabadilika, na povu likimwagika kila mtu nyumbani anajua. Jiko la presha limeziba habari zote hizo ndani ya bati na mpira. Ulichomuuzia ni kifaa kizuri kilichomnyang'anya macho na masikio ya mapishi yake, na ni wajibu wa paneli kumrudishia. Kwa hiyo kama pesa ya mabadiliko inatosha jambo moja tu, iende hapa.

Omba taa ndogo nne kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja na neno lake chini: UMEME, PRESHA INAPANDA, LINAPIKA, TAYARI. Ya kwanza iwake mara tu waya unapoingia, kabla mtu hajabonyeza chochote. Waya wa majiko haya mara nyingi unachomekwa pia kwa nyuma ya jiko lenyewe, na usipozama vizuri jiko linakuwa bubu kwelikweli. Pasipo taa hiyo, mteja hana namna ya kujua kama LUKU imeisha, waya umelegea au jiko limekufa, na hayo matatu yana dawa tofauti kabisa. Taa ya pili ipepese polepole dakika zote 20 za kupandisha presha, maana taa inayopepesa inamwambia mtu kazi inaendelea, na taa iliyotulia inamwambia imefika. Kama kioo cha namba kina nafasi, waambie mafundi wa kiwanda waweke vijistari vinavyozunguka hadi saa ianze. Hilo ni suala la programu tu, halihitaji kipuri kipya.

Halafu kila kitufe kinapobonyezwa, taa na mlio vijibu papo hapo. Kipimo kinachotumika tangu zamani ni sehemu ya kumi ya sekunde: jibu likija ndani ya muda huo, mtu huona kidole chake ndicho kilichofanya kazi. Likichelewa, kidole kinarudi. Na kidole kurudi ndiko kulikomharibia mama wa Kihonda mapishi yake.

Sasa mwenzako. Mimi simkubalii, na ninalisema hili kwa sababu wazo lake likiachwa litawagharimu. Mwaka 2024 mita za LUKU zililazimika kubadilishiwa ufunguo, yaani namba ya siri ambayo mita huitumia kusoma tokeni, kabla ya Novemba 24, kwa kuwa kila tokeni hubeba namba inayohesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na hesabu hiyo ilikuwa inafika ukomo. Wateja walipewa tokeni tatu kwa mkupuo, tarakimu 20 kila moja, wakaambiwa waziingize kwa mpangilio. Tarakimu 60! Na nyumba kwa nyumba watu waliziingiza, wengine kwa mwanga wa simu, wengine wakisomewa na mtoto wa darasa la nne. Waliweza kwa sababu mita, pamoja na ubaya wake wa sura, ilionyesha kila tarakimu iliyobonyezwa na mwishoni ikajibu kama imekubali au imekataa. Wateja wenu ni watu haohao. Mtu aliyeingiza tarakimu 60 bila kukosea hashindwi kupika maharage.

Tena kukosea hakungoji ujinga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa Marekani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha ndege ikiwa bado inakimbia chini wanakunja magurudumu, na ndege inakaa kwa tumbo. Walikuwa vijana waliofunzwa kazi ile wakafuzu. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipotazama chumba cha rubani alikuta swichi mbili zinazofanana zimekaa jirani, moja ya magurudumu na nyingine ya vibawa vinavyotumika wakati wa kutua. Dawa aliyotoa ilikuwa kubandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye swichi ya magurudumu, na kipande chenye umbo la kabari kwenye ile nyingine, ili mkono wenyewe utofautishe bila jicho. Kosa lile likaondoka. Marubani walikuwa walewale.

Nakuja kwenye vitufe. Jiko la kawaida la kiwandani huja na kumi na kitu: uji wa mchele wa Kichina, keki, mtindi, supu, mbavu, na kadhalika. Jambo ambalo vipeperushi havisemi ni kwamba kwenye mengi ya majiko haya, vitufe vya vyakula vya presha havitofautiani sana isipokuwa kwa dakika. Joto ni lilelile, presha ni ileile. Yaani umewekewa vitufe kumi vya kumwambia saa jambo moja: ngapi?

Kama kiwanda kina aina yenye swichi ya kuzungusha, ningechukua hiyo bila kusita. Dakika 0 hadi 60 kwa mzunguko, na pembeni, palepale dakika zilipo, majina ya vyakula: WALI, KUKU, NYAMA, MAHARAGE. Mtu anazungusha hadi kwenye chakula chake, na akiona maharage ya mwaka huu ni magumu anasogeza kidogo mbele. Hafungwi na kitufe. Mkono unaijua swichi hiyo tangu redio ya babu, na mtu akiwa mlangoni anaona imeelekea wapi. Kama hawana ya kuzungusha, basi vitufe vinane: vyakula vinne hivyo, kuongeza dakika, kupunguza dakika, ANZA na ZIMA. Kila utakachoongeza juu ya hapo kitafute mteja aliyekiomba kwa mdomo wake. Keki na mtindi sijawahi kusikia mtu anaviulizia kwenye jiko hili.

Sisitiza kitufe cha ANZA. Majiko mengi huanza yenyewe sekunde chache baada ya kuchagua chakula, na hapo ndipo mtu anapopotea, hajui kama bado anachagua au ameshaanza. ANZA kiwe cha duara, kimeinuka, kikubwa kuliko vyote. ZIMA kiwe cha pembe nne na kikae upande wa pili wa paneli. Usitegemee kijani na nyekundu peke yake, kuna wanaume wasiozitofautisha rangi hizo tangu kuzaliwa, na jikoni taa ikiwa hafifu hata wengine tunababaika.

Kuhusu dakika zenyewe, msichukue za kiwandani kama zilivyo. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Geita iko juu zaidi. Kwenu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wakati Dar ni 100. Ndani ya jiko la presha tofauti hupungua lakini haiishi, maana jiko linaongeza presha yake juu ya hewa ya mahali lilipo, na hewa yenu ni nyepesi. Ongezeni kama asilimia 10 ya muda uliopimwa pwani, kisha mpime wenyewe. Anzeni na maharage makavu yasiyolowekwa dakika 50, nyama ya ng'ombe 35, wali 10, mkitumia maharage ya soko lenu, siyo ya sampuli iliyokuja na jiko. Jina MAHARAGE likiandikwa kwenye dakika zinazotoa maharage magumu, mteja hatalaumu dakika. Atalaumu jiko, na atakuwa na haki.

Kioo cha kugusa, nakushauri ukikatae. Kiwanda kinakipenda kwa sababu paneli inakuwa kipande kimoja kinachong'aa na picha zake zinavutia dukani. Lakini kioo kile hakihisi nguvu ya kidole, kinahisi umeme mdogo unaobadilika ngozi inapokaribia. Tone la maji linaweza kukichanganya, mvuke vilevile, na kidole chenye unga au mafuta hukifanya kisite. Sasa niambie ni mpishi gani ana kidole kikavu. Zaidi ya hapo, kioo hakina kitu cha kupapasa. Bibi ambaye macho yamefifia anaweza kukariri kitufe kilichoinuka, cha tatu kutoka kushoto, akakipata hata umeme wa taa ukiwa hafifu. Kwenye kioo tambarare hana pa kushika. Chukua vitufe vya kubonyeza vilivyofunikwa kwa karatasi moja ya plastiki ngumu: maji hayapiti, unafuta kwa kitambaa, na kila kimoja kinashtuka kidogo chini ya kidole. Mguso ule nao ni jibu, na unafika hata pale mlio unapomezwa na kelele za watoto.

Picha au maneno? Maneno, na yawe ya Kiswahili mnachozungumza Mwanza. Bakuli linalotoa mvuke ni nini? Nimewahi kuuliza watu sita nikapata uji, supu, chai na wali. Neno MAHARAGE halina ubishi. Picha ndogo iwepo pembeni kwa asiyesoma, lakini isibebe mzigo peke yake. Katika kuchagua maneno, epuka yale ya kwenye menyu za simu. Ghairi ni neno sahihi, ila jikoni hakuna anayemwambia mwenzake aghairi jiko, anamwambia azime. Mnapomtuma mfasiri, mpe picha ya jiko na umweleze kila neno litakaa wapi, la sivyo atakuletea kamusi. Herufi ziwe nyeusi juu ya nyeupe au nyeupe juu ya nyeusi, siyo ule wino wa kijivu wanaoupenda viwandani. Kanuni ya mafundi wa maandishi ni urefu wa herufi usipungue sehemu moja ya 200 ya umbali wa msomaji. Kwa mtu anayesoma akiwa hatua moja ndefu kutoka kwenye jiko, yaani mita 1, hizo ni milimita 5. Kumbuka pia kwamba kuanzia miaka 40 na kitu macho ya karibu kila mtu huanza kukataa herufi ndogo za karibu, na hao ndio wenye nyumba, ndio wanaolipa.

Alama za makosa zenye E na namba ni za fundi. Kosa linalotokea kila siku, mfuniko kutofungwa sawasawa, lipewe taa yake yenye maneno FUNGA MFUNIKO. Mengine yakibaki namba si neno.

Hukuniuliza kuhusu mfuniko, lakini siwezi kuuacha, maana hofu ya watu juu ya presha iko pale na wala haiko kwenye vitufe. Karibu kila familia ina hadithi ya sufuria ya presha iliyorusha mfuniko hadi darini. Majiko haya yana pini inayopanda presha ikijaa na kuzuia mfuniko usifunguke, ni ulinzi mzuri sana, ila imefichwa kama aibu. Omba pini nyekundu, na kando yake maandishi yaliyochongwa kwenye plastiki: IKIWA JUU, USIFUNGUE. Stika itaoshwa ikatoka, maandishi ya kuchongwa yatabaki. Kwenye kile kigeuzi cha mvuke msiandike FUNGA na FUNGUA, kwa sababu mtu atadhani ni habari ya mfuniko. Andikeni MVUKE UBAKI na MVUKE UTOKE. Na kama kiwanda kinaweza kuweka kitufe cha kutolea mvuke mbali na tundu lenyewe, lipieni hiyo nyongeza. Nimeona mama akitumia mwiko wa ugali kusukuma kigeuzi kile, uso ameugeuzia ukutani, na sikuweza kumwambia anakosea.

Mlio uwe mzito kiasi. Ule mwembamba sana wa bei rahisi ndio masikio ya wazee hutangulia kuupoteza. Chakula kikiiva ulie mara kadhaa, siyo moja.

Umeme kukatika: ulizeni kama jiko linakumbuka lilipofikia. Kama halikumbuki, mtu anarudi nyumbani akakuta maharage nusu mabichi na kioo kinachoonekana kama hakijawahi kuguswa. Hapo pia atasema limekufa. Jiko lirudipo lenyewe baada ya mkatiko mfupi, sawa. Ukiwa mrefu, lisianze kimyakimya, lipepese haraka taa ya UMEME na lisubiri ANZA, ili mtu aamue mwenyewe kama chakula bado kinafaa.

Kabla ya kusaini, chapeni paneli kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa wake halisi, muibandike kwa gundi ya karatasi juu ya jiko mlilonalo, na mpeleke kwa watu watano mmoja mmoja. Mpe mtu maharage na maji, mwambie apike, kisha kaa kimya. Kimya kabisa, hata akikutazama kwa kuomba msaada. Atabonyeza karatasi, na wewe utamwambia tu taa ipi imewaka. Andika kila mahali kidole kinaposimama hewani, maana kidole kikisimama hewani paneli imeshindwa kusema. Rekebisha, chapa tena, rudia na wengine watano. Gharama yake ni karatasi na nauli ya daladala. Kiwanda kikituma sampuli mbili za kweli, zipitishe njia hiyohiyo, safari hii na maharage yaive kweli.

Ile sampuli ya kwanza ipeleke Buzuruga. Yule mama aliyerudisha jiko mara mbili alijaribu mara mbili, na ukimwomba kwa adabu akuonyeshe alichobonyeza na alichoona, atakueleza mambo ambayo mimi nikiwa huku siwezi kuyaona.